Kipimo cha Luisa

Jumanne, 4 Februari

Tumefika. Mbinga tuliondoka na makoti kwa sababu ya ukungu, Mbamba Bay tukayavua, na huku mbele ya Chiwanda hata gauni limenigandia mgongoni. Baba alitusindikiza stendi. Akamshika Allen mkono, akamwambia, "Mnirudishie binti yangu mzima." Allen akacheka: "Mzee Masoudi, tutamrudisha na kikombe juu."

Kikombe anachosema ni cha mashindano. Tarehe 10 Aprili vyuo tisa vinakutana Dar es Salaam, kila kimoja na kifaa chake cha kupimia ugonjwa. Sisi ni watatu, wote mwaka wa tatu. Allen ni kiongozi na wazo ni lake. Mansuetus, kijana wa Tingi, ameandika programu inayoendesha kifaa. Mimi ni wa maabara, vitepe natengeneza mimi kwa mikono yangu.

Kifaa kinaenea kiganjani. Unachovya kitepe kwenye mkojo wa mama mjamzito, unakichomeka, unasubiri dakika nne. Taa ya kijani maana yake hakuna protini. Nyekundu maana yake protini ipo, na mama huyo anaweza kuwa njiani kupata kifafa cha mimba. Mwalimu wetu, Dk. Frederick, ametupa sharti: kila mkojo upimwe mara mbili, kwa kifaa chetu na kwa vitepe vya kawaida vya zahanati, na majibu ya kifaa chetu yasiingie kwenye kadi ya mama yeyote. Tumesaini wote watatu.

Zahanati ina muuguzi mmoja, Sista Hildegardi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Mganga yuko masomoni. Nilimwamkia, akaitikia huku akiangalia viatu vyangu. "Marahaba. Hivyo vyeupe utavijutia. Mvua za kifuku huku hazijui viatu vya chuo."

Jumatano, 5 Februari

Kliniki ya kwanza. Wanawake kumi na mmoja, majibu kumi na moja, yote yameafikiana na vitepe vya Sista. Allen alitaka kupiga kelele, nikamkanyaga mguu.

Ijumaa, 7 Februari

Mvua. Viatu nimevijutia.

Jumatatu, 10 Februari

Wengi wanatoa kikombe cha mkojo wakiangalia ukutani. Leo amekuja mmoja aliyetaka kuona. Anaitwa Luisa, ana miaka ishirini, mimba ya kwanza, ya miezi sita. Mumewe, Joakim, ni dereva wa bodaboda wa kwenda na kurudi Mbamba Bay.

"Hicho kidude kinajuaje?" akaniuliza.

Nikamweleza habari za protini, jinsi figo zinavyoanza kuvujisha presha ikipanda.

"Na kikikosea?"

"Ndiyo maana tunapima mara mbili."

Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi. Badala ya kwenda nyumbani akakaa pale benchini, na kila alipokuja mama asiyeelewa Kiswahili changu cha vitabuni, yeye akamgeuzia kwa Kinyasa. Sijui alikuwa akiwaambia nini, ila walikuwa wanacheka na woga unawatoka. Mchana Sista alisema, "Huyu angesoma angenifukuza kazi." Luisa akajibu kwamba alisoma hadi kidato cha nne, hisabati ndiyo iliyomkataa.

Jumatano, 12 Februari

Kumi na nne. Luisa amekuja ingawa si siku yake, na mihogo ya kuchemsha na dagaa wa usipa wa kukaanga kwenye kontena. Ananiita dada Nasma, ingawa tumepishana mwaka mmoja.

Jumatatu, 17 Februari

Sola ya zahanati ilikuwa imekufa tangu mwaka jana. Allen amepanda juu ya bati kwenye jua, ameshinda huko mpaka saa tisa, na sasa chumba cha kujifungulia kina taa. Sista alimletea chai mwenyewe. Naandika hili kwa sababu Mansuetus huwa ananiambia Allen anajipenda tu. Mtu anayejipenda haungui mgongo namna ile kwa ajili ya watu asiowajua.

Jumatano, 19 Februari

Jumla sitini. Hamsini na nane zimeafikiana. Asilimia tisini na sita na ushee. Allen ameiandika kwa kalamu nene ukutani kwetu.

Jumatatu, 24 Februari

Vitepe vya Sista vimeisha. Alinionyesha kopo tupu, akalitikisa kana kwamba kingedondoka kimoja. Ameagiza tangu Desemba.

Nje kulikuwa na wanawake tisa. Allen akasema, "Sista, kifaa si kipo?"

"Allen, tulisaini," Mansuetus akasema.

"Tulisaini wakati vitepe vipo. Leo havipo. Tuwarudishe hawa mama bila kupimwa kabisa, na kifaa tunacho mkononi? Hiyo ndiyo heshima kwa karatasi?"

Sista akanigeukia mimi. "Wewe ndiye wa maabara, mwanangu. Kinafaa?"

Nikasema, "Kwenye sitini kimekosea viwili."

"Macho yangu yanakosea zaidi ya hapo," akasema, akachukua kalamu. Kuanzia leo majibu yetu yanaandikwa kwenye kadi. Allen anasema atamwandikia Dk. Frederick ujumbe mtandao ukipatikana. Sikuona ubaya. Naandika ukweli: nilijisikia fahari.

Jumatano, 26 Februari

Siku tatu mvua haijakatika. Nguo hazikauki, chumvi imekuwa maji, daftari hili linajikunja pembeni.

Mchana nilifungua mkebe wa vitepe vyetu. Ndani huwa naweka punje za kunyonya unyevu, za buluu. Leo zimekuwa za waridi, maana yake zimeshiba, haziwezi kunyonya tena. Nikachukua mkojo wa kujaribia, ule niliouwekea protini mwenyewe, nyingi kabisa, nikapima. Kijani. Nikapima tena. Kijani. Mara ya tatu, nyekundu.

Nikampelekea Allen. Alikuwa akiandaa mabango ya mashindano. Akasikiliza, akasugua macho.

"Umechovya muda gani?"

"Ule ule wa siku zote."

"Mara ya tatu imetoka sawa, si ndiyo? Basi mbili za kwanza ni mkono wako. Umechoka, Nasma. Badilisha punje, funga mkebe vizuri, tuendelee. Hizo mbili zitoe kwenye jedwali, zisituharibie hesabu."

Punje mpya tulizibakisha chuoni. Nilizikausha hizi hizi juu ya kikaango kwenye jiko la Sista, zikarudi buluu kidogo. Vitepe vyenyewe haviwezi kukaangwa.

Ile mistari miwili nimeifuta. Hakuna aliyenishika mkono. Nilibonyeza mwenyewe.

Jumapili, 2 Machi

Mwezi umeandama, leo ni Ramadhani ya kwanza. Jumatano wenzangu Wakatoliki nao wanaanza Kwaresma. Sista anasema mwaka huu zahanati nzima itakuwa na njaa.

Jumatatu, 3 Machi

Luisa amekuja. Alitembea polepole, kandambili zimembana kwa sababu miguu imevimba. Kichwa kinamuuma tangu jana. Sista alimpima presha: mia arobaini na nne kwa tisini na mbili. Akarudia baada ya kumpumzisha, mia arobaini kwa tisini. Ni presha ya mpakani. Sista alisema kama kuna protini anamwandikia rufaa leo hii, aende hospitali na Joakim kabla mto haujajaa.

Nikachovya, nikachomeka. Dakika nne za leo zilikuwa ndefu. Luisa alikuwa ananisimulia jinsi Joakim alivyoanguka na tenga la samaki la abiria, mbasa wakaserereka matopeni na mbwa wawili wakawahi. Taa ikawaka.

Kijani.

Sista akaitazama taa, akatazama miguu ya Luisa, akanitazama mimi. "Nasma. Unaiamini?"

Nilikuwa na kiu na midomo imekauka. Nilizifikiria zile punje. Nilimfikiria Allen na tarehe kumi Aprili, na kwamba nikisema sina hakika, basi na wale wengine wa juma lote nitakuwa sina hakika nao. Nikasema, "Imesema kijani, Sista."

Sikusema ndiyo. Nilijua siwezi kusema ndiyo, nikachagua maneno.

Sista akampa dawa ya kichwa, akamwambia apumzike, arudi Alhamisi apimwe tena presha. Luisa alinishika bega kwa furaha akaondoka.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Mto umejaa, umekata njia ya kijiji cha pili anakokaa Luisa, na ile ya hospitali. Luisa hakuweza kuja.

Ijumaa, 7 Machi

Bado.

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili asubuhi tulisikia pikipiki ikipandishwa mlima kwa hasira. Ni Joakim. Luisa alikuwa katikati, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa mumewe, na mama mkwe wake nyuma amemkumbatia asidondoke. Walivuka mto wanaume wakiwa wameinyanyua pikipiki mabegani. Alfajiri alikuwa ametupwa na kifafa mara mbili.

Sista alimlaza kwa ubavu. Presha mia tisini kwa mia na ishirini. Akamchoma sindano za magnesiamu, moja kila tako. Mimi nilishika kichwa. Mashavu yamejaa, amejing'ata ulimi. Allen alikuwa akikimbia huku na huko mlimani akitafuta mtandao, na akaupata. Hospitali wakasema gari la wagonjwa linakuja, ila litaishia ng'ambo ya mto.

Kuna dakika chache alizinduka. Alizungusha macho, akaniona.

"Dada Nasma," akasema, ulimi mzito. "Si ilisema kijani?"

Nilimfuta damu mdomoni.

Wanaume wanane walimbeba kwenye machela. Allen na Mansuetus walikuwa miongoni mwao. Mimi nilinyanyua dripu juu, mkono ukafa ganzi, sikuubadilisha. Njiani kifafa kikamrudia. Tulipofika mtoni gari lilionekana ng'ambo, dereva amesimama nje, hata rangi ya shati lake niliiona. Maji yalikuwa kifuani. Sista akasema tusubiri kidogo atulie ndipo tuvushe. Akatulia. Sista akaweka sikio, akaweka vidole shingoni, kisha akachukua ile pinadi ya kusikilizia mtoto, akaiweka tumboni, akasikiliza muda mrefu sana. Mto tu ndio ulikuwa unapiga kelele.

Aliinuka, akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfunika Luisa uso.

Ilikuwa saa sita kasoro. Joakim aliingia majini na nguo zake, akasimama katikati akiwa ameelekea gari, mpaka wenzake wakamfuata kumtoa.

Jumapili, 9 Machi

Wamemzika. Na mtoto tumboni.

Jumatano, 12 Machi

Maji yamepungua. Mansuetus amekwenda Mbamba Bay, akarudi na kopo la vitepe vya kawaida. Duka la dawa, dakika kumi. Kopo moja. Kuanzia tarehe 24 mpaka mto ulipojaa njia ilikuwa inapitika na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwenda.

Kila mkojo tulikuwa tunabakiza kidogo kwenye friza ndogo ya sola tuliyokuja nayo. Nilitoa chupa ya Luisa ya tarehe 3. Nikaiyeyusha, nikachovya kitepe cha kopo. Rangi ilipanda papo hapo, kijani kibichi cha kukolea, ambacho kwenye kopo hilo ndiyo alama ya hatari. Misalaba mitatu, protini nyingi mno. Nikarudia. Mitatu. Nikapima na wengine wa juma lile. Mama mmoja zaidi anayo. Sista alimtuma Joakim mwenyewe akamlete, na huyo amepelekwa hospitali jioni hii yuko hai.

Allen aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa. "Sampuli ikigandishwa inaharibika," akasema.

"Ikiharibika protini inapungua, Allen. Haiongezeki."

"Unataka nini? Tujifunge kamba? Atafufuka?"

Ndipo Mansuetus akasema taratibu, bila kunitazama, "Zile mbili ulizofuta kwenye jedwali, kifaa chenyewe bado kinazikumbuka. Niliziona tangu tarehe ishirini na saba."

"Ukanyamaza?"

"Wewe si ulinyamaza?"

Nimefuturu kwa maji matupu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia Sista. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Nilikuuliza kwa jina lako."

"Ndiyo."

Akaenda kwenye meza, akaifungua kadi ya Luisa. "Saini hii ni yangu. Miaka ishirini na nane, mimi ndiye ninayewaambia wanafunzi: presha na miguu na kichwa, peleka, usisubiri mkojo. Nikaitazama taa." Akaifunga. "Toka, mwanangu. Nina kazi."

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwa Joakim. Mansuetus alikataa kunisindikiza. Allen alisema nitachomwa moto, kisha akanifuata kwa mbali mpaka mwanzo wa migomba.

Joakim alikuwa anaosha pikipiki. Nikampa pole, akaitikia. Nikamweleza yote kwa Kiswahili cha kawaida: unyevu, punje, mara mbili zile, mistari niliyofuta, swali la Sista na jibu langu. Aliendelea kusugua ringi ile ile.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua kinaweza kukosea."

"Nakuuliza siku ile. Alipokaa mbele yako. Ulijua?"

"Nilikuwa na shaka."

"Kumwambia mtu kwamba una shaka, kunachukua muda gani?"

Akachovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua.

"Pikipiki ilikuwa na mafuta," akasema. "Siku hiyo nilikuwa hapo nje ya zahanati nimemsubiri. Mafuta tangi zima, mto mdogo, hata soksi usingelowesha. Ningemfikisha kabla ya saa kumi." Akaweka kitambaa chini. "Naomba uondoke, dada. Sikufukuzi. Ila ukiendelea kusimama hapo nitakupiga, na mimi sijawahi kumpiga mwanamke."

Alhamisi, 20 Machi

Sista amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Barua ilikuja na pikipiki. Katika barua hatumo. Kwenye kadi kuna saini yake tu.

Nimepanda mlimani, nimempigia Dk. Frederick, nikamwambia yote. Ule ujumbe wa Allen hakuwahi kuupata. Tumeambiwa turudi chuoni mara moja.

Alhamisi, 27 Machi

Kamati. Watu watano, meza ndefu. Walikuwa wameshaandaa maelezo, ukurasa mmoja: "hitilafu ya kifaa iliyotokana na hali ya hewa". Tulitakiwa kusaini tu. Nikasema siwezi, nikaeleza. Mwenyekiti akaniuliza kama naelewa maana ya ninachokisema kwa masomo yangu. Nikasema naelewa.

Wakamuuliza Mansuetus. Huyu ndiye niliyekuwa namwona mwadilifu wetu, aliyesema tulisaini. Akasema yeye ni wa programu, habari za kufuta majibu amezisikia leo.

Nikageuka kumwangalia Allen, nikijua atasema ni mkono wangu. Alikuwa amevaa shati lake la kushindania. Akasema, "Nasma aliniletea. Mimi ndiye niliyemwambia afute. Na mimi ndiye niliyemshawishi muuguzi. Andikeni hivyo, na muuguzi apelekewe nakala." Kisha akaomba maji.

Timu imeondolewa mashindanoni. Mimi na Allen mwaka mmoja nje. Mansuetus onyo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Baba amenunua kitambaa cha gauni, sijakishona. Duka la Baba hapa Mbinga limejaa watu wa kununua sukari na mchele na kila mmoja ananiuliza masomo. Baba anawajibu kabla yangu: "Anapumzika." Hajaniuliza kitu. Anakata mkate, anauweka karibu na mkono wangu, anaondoka.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku yenyewe. Nimeshinda natenga kahawa za jirani, mbovu huku, nzima huku.

Jumanne, 22 Aprili

Sista amerudishwa kazini kwa onyo la maandishi. Maelezo yangu na ya Allen yalifika. Nimempigia kumpongeza, akasema hakuna cha kupongeza. Vitepe vimeletwa, makopo ishirini. Nikamwomba niende nimsaidie, kazi yoyote, bila malipo.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua, Sista."

"Ila goti linanisumbua na nahitaji mtu wa kubeba begi. Njoo."

Jumatatu, 28 Aprili

Siku ya kliniki. Benchi halina mtu. Tulikaa mpaka saa nne. Februari hapa palikuwa na wanawake hata wa kusimama. Sista alifunga mlango, akaniwekea begani begi la mashine ya presha na vitepe.

"Hawaji. Basi tutawafuata."

Nyumba ya kwanza walituambia mama yuko shamba, na kikohozi chake tulikisikia chumbani. Ya pili mlango ulifungwa tukiwa bado uani. Sista alikuwa anachechemea mbele yangu kwenye matope na mwavuli wake mweusi.

Ya tatu alitoka mwanamke mwenye mimba kubwa, ya miezi minane hivi, amejishika kiuno. Miguu imevimba, niliiona kabla ya uso. Alimwamkia Sista. Kisha akaniangalia mimi kwa muda.

"Huyu ndiye yule?"

"Ndiye," Sista akasema.

Yule mwanamke akafikiri. Akasogea pembeni kidogo, nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Sista aingie. Huyu abaki nje."

Nikamkabidhi Sista begi. Mlango ukarudishwa. Mvua ilikuwa ya manyunyu tu, ya mwisho mwisho wa kifuku. Nikabaki nje.